KUUA VIJIDUDU: MAJI, MOTO NA DAWA

(Maneno ya walimu wa shule ya msingi mbele ya mkutano wa kambi, siku ya kuwakumbuka ndugu zetu waliofariki. Yanachapwa hapa kwa ombi la Kamati.)



Kwanza tunaishukuru Kamati kwa kutupa sisi walimu nafasi ya kusema siku kama hii. Siku ya kuwakumbuka wafu kwa kawaida ni ya sala na machozi. Lakini wazee walituambia: mwaka huu lieni, halafu fundisheni. Basi tumekuja kufundisha.

Kila mmoja hapa anakumbuka mwanzo wa mwaka 2018. Tulitoka Ituri, tukapanda mitumbwi Tchomia na Kasenyi, tukavuka Ziwa Albert usiku na mchana. Wengine walizama. Tuliofika ng'ambo tulisema, Mungu ametuokoa na panga na risasi. Hatukujua kwamba kuna adui mwingine aliyevuka pamoja nasi ndani ya matumbo yetu na ndani ya majerikani yetu. Mwezi wa pili kipindupindu kililipuka katika wilaya ya Hoima. Watu zaidi ya 2,000 waliugua, na zaidi ya 40 walifariki. Walikuwa wamekwisha kufika mahali pa usalama. Waliuawa na kitu ambacho jicho halikioni.

Leo tunataka kusema habari za kitu hicho: vijidudu ni nini, na ni kwa njia gani moto, sabuni, klorini, spiriti na jua vinaviua au kuvishinda. Tutasema pia mahali ambapo njia hizo hushindwa, kwa sababu asiyejua mpaka wa silaha yake huenda vitani akiwa amekwisha kushindwa.

KOSA LETU WENYEWE

Ndugu zetu, hatuwezi kuanza kwa kuwaonya wengine. Tuanze na sisi.

Msimu mmoja wa mvua bomba la upande wetu liliharibika. Sisi walimu tulijaza pipa la shule kwa maji ya kijito. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa na unga wa klorini katika mfuko uliokuwa umefunguliwa siku nyingi na kuwekwa dirishani. Tukachota kijiko, tukakoroga, tukanusa. Harufu ilikuwa kali. Tukasema, sasa yamepona, watoto wanywe.

Juma lile watoto 11 wa darasa la nne waliharisha damu. Kumi walirudi darasani. Mmoja, binti aliyekaa dawati la mbele, hakurudi.

Mama mmoja mhamasishaji wa afya alikuja na kile kijisanduku cha kupimia. Alichota maji ya pipa, akatia kidonge kidogo, akatikisa. Maji yenye klorini ya kutosha hugeuka rangi ya waridi. Ya kwetu hayakugeuka. Klorini ilikuwa imekwisha yote, na watoto walikuwa wanakunywa matope yenye harufu.

Baba wa binti yule ameketi hapa mbele yetu. Tulimwendea jana jioni kumwomba ruhusa ya kusema haya. Alinyamaza kitambo, kisha akatuambia: "Semeni, lakini semeni yote." Kwa hiyo tutasema yote.

VIJIDUDU NI VYA NAMNA NYINGI

Tunapotaja vijidudu tunachanganya mataifa mengi. Kuna bakteria, kama vile wa kipindupindu, wa kuhara damu na wa kifua kikuu. Kuna virusi, ambavyo ni vidogo zaidi, kama vile vya surua, Ukimwi, Ebola na korona. Kuna kuvu, waletao mapunye kichwani mwa watoto. Kuna na vimelea vya tumboni kama amiba.

Vyote havifi kwa urahisi uleule. Virusi vya Ebola na vya korona vimevaa koti jembamba la mafuta. Koti likichanika, vimekwisha. Bakteria wengi nao hufa kwa urahisi. Virusi visivyo na koti la mafuta, kama vile vingi viletavyo kuharisha, ni vigumu zaidi. Bakteria wa kifua kikuu ana ngozi ya nta, naye humstahimilia mtu. Na juu ya wote kuna vile tunavyoviita spora.

Akina mama wakulima wataelewa spora mara moja. Chukueni mbegu ya maharagwe iliyokauka: unaiweka ghalani mwaka mzima, haili, hainywi, haifi. Ukiitia katika udongo wenye maji, inaamka. Bakteria wa pepopunda hufanya vivyo hivyo. Mambo yakiwa magumu hujifunga ndani ya ganda kavu, hulala katika udongo na samadi miaka mingi, na huamka akiingia ndani ya kidonda. Maji yanayochemka humwua bakteria aliye macho, lakini spora hustahimili kuchemshwa. Shikeni neno hili, tutalirudia tutakapofika kwa wembe.

MANENO MANNE YASIYOFANANA

Katika kambi watu husema "nimesafisha" kwa kila jambo. Lakini kuna hatua nne.

Ya kwanza ni kuosha: kuondoa uchafu kwa maji na sabuni. Ya pili ni kupunguza vijidudu mpaka visiweze kudhuru kwa kawaida, kama tunavyofanya kwa sahani na vikombe. Ya tatu ni kuua vijidudu vilivyo hai, bila kuweza kuua spora zote. Hii ndiyo kazi ya klorini juu ya sakafu na ya kuchemsha maji. Ya nne ni kutakasa kabisa, yaani kutoacha hata kimoja, wala spora. Vyombo vinavyopita ngozi ya mtu na kuingia katika damu, kama sindano, visu vya upasuaji na wembe wa kukatia kitovu, vinataka hatua hii ya nne.

Na hatua ya kwanza hairukwi kamwe. Chombo chenye damu iliyokauka hakitakasiki, kwa maana kijidudu hujificha chini ya uchafu kama mtu aliyejificha chini ya kitanda.

MOTO

Moto ni dawa ya kale kuliko zote. Joto hupika kijidudu kama linavyopika yai: ute uliokuwa maji hugeuka mweupe na mgumu, wala haurudi tena kuwa maji. Ndani ya kijidudu mna vitu kama ute ule, navyo ndivyo vinavyofanya kazi zote za uhai wake. Vikipikwa, uhai umekwisha.

Wengine huuliza: huku kwetu juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, je, yanatosha? Ni kweli kwamba kadiri unavyopanda mlima maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Mahali palipo mita 1,200 juu ya bahari huchemka karibu nyuzi 96. Lakini vijidudu vya kuharisha hufa kabla ya hapo. Maji yakibubujika kweli, si kutoa mvuke tu, yaache yabubujike dakika moja. Aliye juu ya mita 2,000 aache dakika tatu. Kuchemsha nusu saa ni kupoteza kuni, na sote tunajua kuni zinatafutwa wapi, na binti zetu hukutana na nini huko.

Maji yaliyochemka yana upungufu mmoja: hayana mlinzi. Yakipoa na mtoto akachovya kikombe kichafu, yameharibika. Yafunikwe katika chombo chenye mdomo mwembamba, yamiminwe, yasichovywe.

Sasa, tutaziuaje spora ikiwa kuchemsha hakutoshi? Mwaka 1879 Mfaransa Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur, alitengeneza chungu cha chuma chenye kifuniko kilichobanwa. Mvuke ukizuiwa kutoka, mgandamizo hupanda, na joto hupita nyuzi 100. Ndicho chombo kinachoitwa otoklevu, mliochokiona katika zahanati. Kwa nyuzi 121 kinahitaji dakika 15. Kwa nyuzi 134, dakika tatu. Dakika huhesabiwa tangu joto limefika, si tangu moto umewashwa, na hewa lazima itolewe kwanza ili mvuke uguse kila kitu. Joto kavu la tanuru nalo hutakasa, lakini ni la polepole: nyuzi 160 kwa saa mbili, au 170 kwa saa moja. Mvuke hupita upesi kuliko hewa kavu, kama mpishi ajuavyo: mkono unaweza kuingia mara moja katika hewa ya tanuru usiungue, lakini mvuke wa sufuria huunguza palepale.

Na vitu visivyostahimili moto, kama sindano za plastiki? Hizo hutakaswa kiwandani kwa miale ya gama au kwa gesi, zikiwa zimekwisha kufungwa katika karatasi zake. Ndiyo sababu sindano hufunguliwa mbele ya macho yako. Karatasi ikiwa imechanika au imelowa, ikatae kwa adabu.

WEMBE NA KITOVU

Mama zetu wakunga, tunawaheshimu. Wengi wetu tulipokelewa kwa mikono yenu. Lakini wembe uliotumika jana, hata ukichemshwa, unaweza kubeba spora ya pepopunda. Mtoto hukatwa kitovu, siku chache baadaye hushindwa kunyonya, taya hukaza, mgongo hupinda. Zamani wazee walisema ni ndege aliyepita juu ya nyumba. Ndege hana hatia. Ni spora iliyoingia kwenye kitovu.

Kwa hiyo wembe uwe mpya, umetolewa katika karatasi yake wakati uleule. Mikono ioshwe kwa sabuni. Uzi wa kufungia uwe safi. Kitovu kisipakwe samadi, wala udongo, wala jivu. Na mama apate chanjo ya pepopunda wakati wa mimba, kwa sababu chanjo hulinda hata pale wembe uliposhindwa. Kuzaa kwenyewe kuwe zahanati kila inapowezekana.

Mahali penye dawa ya kitovu iitwayo klorheksidini, itumike kama muuguzi alivyoagiza. Jihadharini: kichupa chake hufanana na cha dawa ya macho. Katika nchi kadhaa watu walikosea wakaitia machoni, na macho yakaumia vibaya. Iwekwe mbali, na asiyejua kusoma aonyeshwe kwa vitendo.

KLORINI

Sasa tufike kwenye jambo linaloleta maneno mengi katika kambi yetu.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, kulikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na wakunga, nyingine na madaktari na wanafunzi wao. Katika wodi ya madaktari wazazi walikufa kwa homa wengi kuliko katika ya wakunga, hata wanawake wakaomba kwa machozi wasipelekwe huko. Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, aligundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Aliwaamuru waoshe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwezi wa nne mwaka ule walikuwa wamekufa wazazi kama 18 katika kila 100. Mwezi wa sita, baada ya amri ile, walikufa kama wawili. Je, walimshukuru? Madaktari wengi walimkataa, kwa kuwa hawakupenda kusikia kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Alifariki mwaka 1865 bila kuheshimiwa.

Tunalisema hili ili yule anayemwaga maji ya bomba kwa sababu ya harufu asione haya. Hata wasomi wa Ulaya walikataa. Lakini sisi tusikatae, kwa maana tumekwisha kuzika.

Klorini hufanya kazi namna gani? Huunguza kama kutu inavyokula chuma, lakini kwa upesi mkubwa. Hupenya ngozi ya kijidudu na kuharibu vitu vya ndani. Lakini klorini haichagui. Ikikutana na tope, jani, tapishi au damu, hula hivyo kwanza, nayo humalizika. Ndilo lililotupata sisi. Unga uliofunguliwa na kukaa juani ulikuwa umekwisha kupoteza nguvu, na ule uliobaki uliliwa na matope. Harufu ilitudanganya. Harufu haipimi, kipimo hupima.

Basi utaratibu ni huu. Maji machafu yaachwe yatulie, au yatiwe shabu, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Hapo ndipo klorini itiwe, na kungojwa nusu saa kabla ya kunywa. Baada ya nusu saa lazima klorini ibaki kidogo, ili ilinde maji njiani na nyumbani: miligramu 0.5 kwa lita hivi kwenye bomba, na isipungue 0.2 nyumbani. Kwa vidonge, kile cha miligramu 67 hutosha jerikani la lita 20, au bidoni kama tulivyozoea kusema nyumbani, ikiwa maji ni meupe. Yakiwa na ukungu, viwili. Lakini vidonge vina ukubwa mbalimbali, basi someni karatasi yake au mleteni mwanafunzi asome.

Wapo wanaosema klorini ya bomba huwafanya wanawake kuwa tasa. Tuhesabu pamoja. Maji ya kunawia mikono wakati wa Ebola yalikuwa ya asilimia 0.05, yaani miligramu 500 kwa lita. Maji ya kunywa yana 0.5. Ni sehemu moja katika elfu. Mji wa Jersey City huko Marekani ulianza kutia klorini katika maji yake mwaka 1908, na Kampala na Kinshasa wanakunywa maji ya klorini. Je, Kinshasa hakuna watoto?

Kwa vipimo vikali zaidi, darasa la sita walifanya hesabu, nasi tukaisahihisha. Unga wenye nguvu ya asilimia 70, gramu 7, yaani kama nusu kijiko kikubwa, katika lita 10, hutoa maji ya asilimia 0.05, ya kunawia wakati wa maradhi. Gramu 70, yaani vijiko vikubwa vitano, katika lita 10 hutoa 0.5, ya kuoshea sakafu, vitanda na vyombo vya mgonjwa. Gramu 30, yaani vijiko viwili, katika lita moja hutoa kama asilimia 2, ya kumwaga juu ya matapishi na kinyesi cha mgonjwa wa kipindupindu. Anayetumia maji ya Javeli ya asilimia 5, kipimo kimoja kwa maji tisa hutoa 0.5.

Maonyo ni manne. Dawa ichanganywe upya kila siku, katika chombo cha plastiki, kwani chuma huliwa. Unga ufunikwe na kuwekwa kivulini. Klorini isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo wala na amonia, kwa maana hutoka hewa ya sumu ambayo inaweza kuua. Na yale maji makali yasinywewe wala kumwagiwa mtu mwilini.

Kuna na mpaka wa klorini. Kimelea kimoja cha tumboni kiitwacho kriptosporidiamu huistahimili. Kwa mtoto mdogo au mgonjwa aliyedhoofika, kuchemsha ni salama zaidi.

SABUNI, SPIRITI NA JUA

Sabuni huidharau watu kwa sababu haina harufu ya hospitali. Lakini chembe ya sabuni ina vichwa viwili: upande mmoja hupenda maji, upande mwingine hupenda mafuta. Upande wa mafuta huingia katika lile koti la virusi vya Ebola na korona na kulichana. Kwa vijidudu visivyo na koti, sabuni huving'oa mikononi, na maji huvichukua. Ebola iliyoanza mwaka 2018 na kwisha mwaka 2020 iliwaugusha watu zaidi ya 3,400 huko Kivu Kaskazini na Ituri na kuua zaidi ya 2,200, wengi wao ndugu zetu. Ndoo na sabuni zile za mpakani zilikuwa ngome. Pasipo sabuni, jivu safi husaidia kung'oa uchafu, lakini sabuni ni bora.

Spiriti huua kwa kugandisha vitu vya ndani ya kijidudu na kuyeyusha mafuta yake. Ajabu ni kwamba spiriti ya asilimia 70 huua vizuri kuliko iliyo tupu, kwa kuwa maji kidogo husaidia kupenya na kugandisha, na hukawia kukauka. Chini ya asilimia 60 haiaminiki. Pombe ya kunywa, hata waragi, kwa kawaida haifiki hapo. Anayenawa kwa waragi amepoteza waragi. Spiriti haiui spora, wala haifai juu ya mkono wenye tope. Vijana wetu vinyozi, ondoeni nywele kwanza kwa brashi, ndipo mpake spiriti, na muiache ikauke yenyewe. Kuchovya na kufuta palepale ni kumwonyesha mteja tu. Na wembe wa mtu mmoja usimguse mwingine. Ukimwi na homa ya ini hupita katika tone la damu lisiloonekana.

Jua ni la bure. Chupa nyeupe ya plastiki ya lita moja au mbili, iliyojazwa maji maangavu na kulazwa juu ya bati saa sita za jua kali, huua vijidudu vingi vya kuharisha. Siku za mawingu, iachwe siku mbili. Maji ya matope hayafai, kwa sababu mwanga hauyapenyi.

DAWA TUNAZOMEZA

Jambo la mwisho ni hili. Yote tuliyoyataja huua nje ya mwili. Klorini haichagui kati ya kijidudu na mtu, ndiyo maana hatuinywi kama tiba. Antibayotiki huchagua: hushambulia kitu alicho nacho bakteria ambacho mtu hana, au ambacho kwa mtu ni tofauti. Kwa sababu hiyo haziui virusi. Mafua hayatibiwi kwa vidonge vya rangi mbili.

Wazee waliokuwa Goma mwezi wa saba mwaka 1994 wanakumbuka. Wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache, juu ya mawe ya volkano yasiyochimbika choo, na maji yalikuwa ya ziwa. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi kwa kuharisha. Kipindupindu kile kilikuwa kimekwisha kuzoea tetrasaiklini, na kuhara damu kulikofuata kulishinda dawa nyingi. Dawa hushindwa hivi: ukimeza kidogo, dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki na kuzaa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya jambo hili alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945. Nasi tunagawana vidonge: viwili kwa mtoto, viwili kwa jirani. Tuache. Aliyepewa na muuguzi ameze kama alivyoagizwa, na asiyepewa asinunue sokoni.

Na anayeharisha asingoje dawa. Apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Haviui kijidudu, lakini huzuia mtu asikauke wakati mwili wake unapigana. Kisha apelekwe zahanati upesi.

TUNAYOIOMBA KAMATI

Tuna maombi manne. Kwanza, kila bomba lipimwe klorini kila siku, na kipimo kiandikwe ubaoni ambapo kila mama ataona. Pili, unga wa klorini wa shule na wa makanisa uwekwe mahali pamoja, kivulini, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu ya mfuko. Tatu, kila mwanamke mjamzito apewe wembe mpya na sabuni mapema, asingoje uchungu. Nne, bomba likiharibika taarifa ipigwe siku ileile, na sisi walimu tutakuwa wa kwanza kuipiga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta, na tulilipa kwa mtoto asiyekuwa wetu. Tangu siku ile pipa la shule lina kipimo chake. Kila asubuhi wanafunzi wawili wa darasa la nne huchota, hutia kidonge na kutikisa. Yakigeuka waridi, hupiga kengele na watoto wote hunywa. Yasipogeuka, kengele haipigwi, na hakuna anayegusa kikombe. Baba wa binti yule ndiye aliyetuletea hiyo kengele.

Mungu awarehemu waliotutangulia.